Ombi la Mzazi na Sauti ya Mimbari
Mhadhara wa umma uliotolewa Likasi, juu ya dini katika shule na siasa katika jumuiya zisizotafuta faida



Katika mji huu wa Likasi, kama katika miji yote ya Haut-Katanga, mtoto anayekwenda kusoma katika shule ya serikali aghalabu huketi katika darasa linalosimamiwa na kanisa. Na mtoto huyo huyo, akisha kuwa mtu mzima mwenye kura, aghalabu husikia kanisani, kabla ya kusikia mahali pengine popote, kama kura yake ilihesabiwa kwa haki au haikuhesabiwa. Hapo ndipo yanapozaliwa maswali mawili ya sheria. La kwanza ni hili: dola ambayo katiba yake ya tarehe 18 Februari 2006 imetangaza tangu ibara ya 1 kuwa haifungamani na dini, inaweza vipi kuwakabidhi watoto wake kwa wenye dini, na kwa masharti gani? La pili ni hili: jumuiya iliyopewa na sheria hadhi ya kutotafuta faida, na ambayo haikuundwa kushindania madaraka, ina ruhusa ya kusema kiasi gani juu ya wale wanaoyashika? Mimi nashika kwamba maswali haya yana jawabu moja, na jawabu hilo hupatikana kwa kumtazama anayesikiliza zaidi ya kumtazama anayesema. Maana mtu mzima aliyekwenda ibadani kwa hiari yake anaweza kuinuka akatoka, ilhali mtoto aliyewekwa darasani na sheria ya elimu ya lazima hana mlango wa kutokea.

Hatuwezi kufahamu hali yetu bila kurudi nyuma. Tarehe 26 Mei 1906 Dola Huru ya Kongo, iliyokuwa milki ya Mfalme Leopold wa Pili, ilitia mkono mkataba na Kiti Kitakatifu cha Roma, ambao kwa huo misheni za Kikatoliki zilipewa bure ardhi ya kulima, hekta 100 mpaka 200 kwa kila kituo, kwa sharti la kufungua shule kila ilipowezekana, na mafundisho yake yaangaliwe na serikali. Tazameni mpango huu kwa makini, kwani ndani yake mna mbegu ya mambo yote yaliyofuata: dola yatoa mali, kanisa latoa walimu, na mzazi hakuulizwa neno. Mwaka ule ule ikaanzishwa Union Minière du Haut-Katanga. Na kadiri shaba ya Kambove, Panda na Shituru ilivyoukuza mji wetu huu, uliokuja kuitwa Jadotville, ndivyo Mabenediktini wa Monsinyori Jean-Félix de Hemptinne walivyopata watoto wa kambi za wafanyakazi kuwa wanafunzi wao. Wamethodisti wa John Springer nao walikuwapo, Kambove na Panda, lakini fungu la fedha za serikali halikuwafikia. Misheni za Kiprotestanti zilingoja mpaka mwaka 1948 ndipo zikaanza kupata msaada ambao wenzao wa Katoliki walikuwa wakiupata tangu zamani. Mtoto wa Mmethodisti alisoma kwa sadaka, na wa Mkatoliki alisoma kwa kodi. Na kodi hiyo ilitozwa kwa baba zao wote wawili.

Kwa wale waliokuwa nje ya misheni zote, mkono wa dola ulikuwa mzito zaidi. Simon Kimbangu, aliyehukumiwa kufa mwaka 1921 kisha hukumu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha, aliletwa katika jela ya Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mwendo usio mrefu kutoka hapa tulipo, akakaa humo mpaka alipofariki tarehe 12 Oktoba 1951. Watu wa Kitawala, ambao mafundisho yao yaliingia Katanga kutoka Rhodesia ya Kaskazini, walifukuzwa na kupelekwa mbali na makwao. Nayataja haya kwa sababu kanisa la Kimbangu lilitambuliwa kwa sheria tarehe 24 Desemba 1959, na leo lina shule zake zinazolipiwa na serikali kama makanisa makubwa mengine. Basi yeyote anayedhani kwamba dini iliyo chini leo itakuwa chini milele, au iliyo juu haitashuka, na aitazame safari hiyo ya kutoka jela hadi darasani.

Mwaka 1954 waziri wa makoloni wa Ubelgiji, Auguste Buisseret, mtu wa chama cha Kiliberali, alianza kufungulia watoto wa Kiafrika shule za serikali zisizo za dini, na ugomvi wa shule uliokuwa ukiwasha Ubelgiji ukahamia huku. Sitakaa sana hapo, maana ulikuwa ugomvi wa wenyewe, ukapigwa juu ya ardhi yetu.

Mambo yanayostahili kutuweka zaidi ni yale ya miaka 1971 hadi 1977, kwa kuwa watu wengi waliokuwa watoto wakati ule wangali hai, na baadhi yao wamo ukumbini humu. Mwezi Agosti 1971 serikali ya Mobutu ilivichukua vyuo vikuu vitatu, Lovanium cha Wakatoliki, kile cha Waprotestanti cha Kisangani na kile cha serikali cha Lubumbashi, ikavifanya kimoja. Tarehe 31 Desemba mwaka huo ikatolewa sheria ya kusimamia ibada, iliyotambua kwanza makanisa matatu tu, la Katoliki, la Kristo la Waprotestanti, na la Kimbangu. Mwaka 1972 majina ya ubatizo yakapigwa marufuku, na Kardinali Joseph-Albert Malula, kwa kuwa hakunyamaza, ikambidi aende Roma uhamishoni. Hata ilipofika 1974, Noeli ikafutwa katika sikukuu za taifa, na mwishoni mwa mwaka shule zote za makanisa zikatwaliwa na dola. Somo la dini likaondolewa, na mahali pake likawekwa somo la uraia na siasa, maana yake mafundisho ya chama kimoja na ya mtu mmoja.

Wako wasemao kwamba siku zile ndipo dola yetu ilipojaribu kweli kuishi bila dini. Nami nawapinga kwa nguvu zangu zote. Ile haikuwa dola iliyojitenga na dini. Ilikuwa dola iliyojifanya dini, ikachukua saa ile ile ya mafundisho, ubao ule ule na mtoto yule yule, ikabadili tu jina la anayetukuzwa. Mtoto ambaye jana alikaririshwa katekisimu bila kuulizwa, leo alikaririshwa sifa za Kiongozi bila kuulizwa, na dhamiri yake haikupata nafuu hata chembe. Funzo la miaka ile ni kwamba hatari iliyo darasani haitoki kwa kanisa peke yake wala kwa chama peke yake. Hutoka kwa yeyote aliyepewa wasikilizaji wasioweza kuondoka.

Majengo yalichakaa, mishahara ikachelewa, na serikali ikaona kwamba mzigo umeishinda. Ndipo tarehe 26 Februari 1977 ikafungwa ile konvansio ya usimamizi baina ya dola na makanisa ya Katoliki, ya Kiprotestanti na ya Kimbangu, nao Waislamu wakaingia baadaye. Na kutoka hapo tukapata shule ambazo kila mtu hapa anaziita konvansione. Dola ilibaki kuwa mwenye shule: yeye ndiye anayelipa walimu, anayepanga masomo, anayetuma wakaguzi. Kanisa lilirudishiwa usimamizi: ndilo linaloangalia walimu, majengo na mwenendo wa kila siku, na somo la dini likarudi. Walio wengi katika watoto wa shule za msingi za nchi hii wamo katika shule hizo. Mimi sisemi kwamba konvansio ile ilikuwa kosa. Katika miaka ambayo mishahara ya serikali ilikuwa haifiki, ni masista, mapadri na wachungaji, pamoja na wazazi waliojikamua kulipa prime za walimu, walioziweka wazi shule ambazo zingefungwa. Na asiyelikiri hilo hana haki ya kuwalaumu kwa jingine lolote.

Lakini konvansio ilizungumzwa na pande mbili, na mtoto na mzazi wake hawakuwa mezani. Upungufu huo ndio uliokuja kuzibwa na ibara ya 45 ya katiba ya 2006. Ibara hiyo yasema kwanza kwamba elimu ni huru chini ya uangalizi wa mamlaka. Kisha kwamba kila mtu ana ruhusa ya kuingia katika shule za taifa bila kubaguliwa kwa asili, kabila, dini au maoni ya siasa. Kisha ikaongeza kwamba shule za taifa zaweza, kwa kushirikiana na wakuu wa dini, kuwapa wanafunzi wao wadogo malezi yanayoafikiana na itikadi zao za dini, kwa ombi la wazazi wao. Wanasheria wenzangu, sharti hili la mwisho limelala katika vitabu vyetu kana kwamba halikuandikwa. Katiba haikusema kwamba mzazi asiyetaka aje kuomba msamaha; imesema kwamba anayetaka ndiye aombe. Mwanzo wa jambo umewekwa mkononi mwa mzazi. Na malezi yenyewe yawe yale ya itikadi yake mzazi na mwanawe, si ya itikadi ya msimamizi wa shule. Mathalan, Mwislamu wa Kikula aliyemwandikisha binti yake katika shule ya Wakatoliki kwa kuwa ndiyo iliyo karibu na nyumba, kuandikisha kule si ombi la katekisimu. Amemleta kusoma hesabu na Kifaransa, kwa mshahara wa mwalimu unaotoka katika hazina ambayo naye anachangia.

Hoja hii imepata nguvu mpya tangu mwaka 2019, ilipoanza kutekelezwa ile ahadi ya ibara ya 43 kwamba elimu ya msingi katika shule za umma ni ya lazima na ya bure. Zamani msimamizi aliweza kusema: asiyependa desturi zetu apeleke minervali yake kwingine. Leo hawezi kusema hivyo, maana katika shule ya msingi minervali haipo tena, na kwenda shule si hiari.

Majirani zetu wamepita njia hii mbele ya mahakama, na mapito yao hayakuwa mepesi. Nchini Kenya, shule ya St Paul's Kiwanjani huko Isiolo, ambayo mfadhili wake ni Kanisa la Methodisti, iliingia katika kesi juu ya wasichana Waislamu waliotaka kuvaa hijabu pamoja na sare. Mahakama Kuu ililipa kanisa ushindi mwaka 2015. Mahakama ya Rufani ikawapa wasichana ushindi mwaka 2016. Na tarehe 24 Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu hiyo, kwa sababu kubwa ya kwamba madai hayakuletwa kwa utaratibu unaofaa. Miaka yote hiyo ya mashtaka, na swali lenyewe likabaki bila kukatwa kutoka mzizi wake. Tanzania, mwaka 2013, Mahakama ya Rufani iliwapa haki wanafunzi Mashahidi wa Yehova waliofukuzwa na kusimamishwa masomo kwa kukataa kuimba wimbo wa taifa. Hapa kwetu kesi za namna hii ni adimu mno, wala hilo lisitufurahishe. Kwani uchache wa mashtaka huonyesha aghalabu kwamba mzazi hajui haki yake, au anamwogopa direkta ambaye kesho atamhitaji.

Hata hivyo, tunayo kesi moja yetu wenyewe, nayo ni kubwa kuliko hizo zote. Mwezi Machi 1986 amri ya rais iliivunja jumuiya ya Mashahidi wa Yehova nchini Zaire. Walikamatwa, wakateswa, mikutano yao ikazuiwa. Tarehe 8 Januari 1993 Mahakama Kuu ya Haki mjini Kinshasa, katikati ya miaka ya misukosuko ambayo wengi walidhani sheria imekufa, iliibatilisha amri hiyo. Na mwezi Oktoba 1995 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu, iliyokaa Praia, ilikata shauri kwamba dola yetu imevunja ibara ya 8 ya Mkataba wa Afrika, inayolinda uhuru wa dhamiri, kwa kuwa haikuleta ushahidi wowote kwamba ibada ya watu hao ilitishia usalama. Na katika shauri lile lile ikaona kwamba kufungwa kwa vyuo vikuu na shule za sekondari kwa muda wa miaka miwili kumevunja ibara ya 17, inayolinda haki ya kusoma. Dhamiri na shule zilipelekwa mahakamani pamoja, na pamoja zikashinda. Natamani hukumu hii isomwe katika kila kitivo cha sheria cha Katanga, maana imeweka kanuni tunayoihitaji: mzigo wa kuthibitisha ni wa dola inayozuia, si wa raia anayeamini.

Kwa kanuni hiyo naingia katika swali la pili. Jumuiya zetu zisizotafuta faida zinatawaliwa na sheria nambari 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001, na jumuiya za dini zimewekwa ndani yake kuwa moja ya aina zake. Takriban kila jumuiya huandika katika kanuni zake kwamba haijishughulishi na siasa, na kila serikali iliyokasirishwa na hotuba ya askofu au taarifa ya watetezi wa haki hukimbilia maneno hayo. Lakini siasa gani? Tangu sheria nambari 04/002 ya tarehe 15 Machi 2004, vyama vya siasa vina sheria yao. Kazi yao ni kutafuta madaraka na kuyashika. Kwa fikira yangu, jumuiya iliyokataa siasa imekataa hiyo tu: isisimamishe mgombea, isigeuze mali yake kuwa mfuko wa mgombea. Haikukataa kusema kwamba barabara haijatengenezwa, kwamba maji ya mto yametiwa sumu na kiwanda, au kwamba kura zimeibwa, kwa sababu ibara ya 23 ya katiba imempa kila mtu uhuru wa kusema fikira zake, nazo jumuiya zimeundwa na watu.

Tena dola yenyewe ndiyo inayoyaita makanisa katika siasa. Yakumbukeni. Tarehe 16 Februari 1992 Wakristo walipoandamana Kinshasa kudai Mkutano Mkuu wa Taifa ufunguliwe tena, walipigwa risasi. Na mkutano ule ulipofunguliwa, uliongozwa na Monsinyori Laurent Monsengwo. Mwishoni mwa 2016 nchi ilipokuwa ikingoja moto, maaskofu Wakatoliki wa CENCO ndio walioombwa kuwapatanisha wanasiasa, wakaleta mapatano ya tarehe 31 Desemba. Na mwaka mmoja baadaye, siku ile ile, walei waliotoka kanisani kudai mapatano hayo yatimizwe walikutana na mabomu ya machozi na risasi. Sheria yenyewe ya Tume ya Uchaguzi inazitaka jumuiya za dini zimchague mtu atakayeiongoza: mwaka 2021 sita katika nane zilimkubali Denis Kadima, na Wakatoliki na Waprotestanti wakakataa. Haiwezekani dola iwaambie wenye dini, njooni mtuchagulie mhesabu kura, kisha iwaambie, msiseme neno juu ya hesabu.

Yaliyotokea Lubumbashi mwezi Januari 2021 yanatugusa zaidi. Mchungaji Daniel Ngoy Mulunda, aliyekuwa mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi mwaka 2011, alikamatwa kwa maneno aliyoyasema katika ibada ya kumkumbuka Laurent-Désiré Kabila, na kwa siku chache tu akahukumiwa kifungo cha miaka 3. Wengi hapa hawakuyapenda maneno yake, na katika mkoa ambamo wengine wetu tuliona mwaka 1992 na 1993 jirani akimfukuza jirani mpaka stesheni ya treni ya Likasi, maneno ya kuwatenga watu kwa asili yao si jambo la kupuuzwa; dhamana ya mhubiri ni kubwa kuliko ya mtu wa njiani. Lakini sheria ya jinai ni upanga, na hukumu inayotoka upesi kuliko utulivu wa hoja haiwezi kutufundisha mpaka uko wapi baina ya uchochezi na lawama. Mwezi Aprili 2024 mwendesha mashtaka mkuu aliagiza Kardinali Fridolin Ambongo naye achunguzwe kwa matamshi yake, na tukaona kwamba mpaka ule bado haujachorwa.

Marekani wamechukua njia nyingine. Tangu mwaka 1954, kwa kifungu kilicholetwa na Lyndon Johnson, jumuiya ya hisani iliyosamehewa kodi hairuhusiwi kumpigia debe mgombea wala kumpinga. Na kanisa moja la jimbo la New York lililotangaza magazetini mwaka 1992 kwamba Wakristo wasimpe kura Bill Clinton liliondolewa msamaha wake, na mahakama ikakubali mwaka 2000. Sisemi tuige kila kitu. Ninachokipenda ni kwamba adhabu yake ni kupoteza nafuu ya mali, wala hakuna aliyekwenda jela. Sheria ya namna hiyo ingetufaa: mwenye kunufaika na hazina ya wote asiitumie kumnadi mmoja.

Na hapo maswali yetu mawili yanakutana. Askofu na aseme mimbarini juu ya uchaguzi. Waumini wake ni watu wazima, na anayechukizwa ataondoka. Lakini barua yake isisomwe mbele ya wanafunzi waliopangwa mstari asubuhi. Mwalimu anayelipwa na serikali asiwapeleke watoto wa shule kumpokea mgombea kwa nyimbo na vitambaa, awe mgombea wa chama tawala au wa upinzani. Wala darasa lisifanywe ukumbi wa kampeni siku za Jumamosi kwa kuwa tu msimamizi wake na mwanasiasa wanasali pamoja. Haya hutokea, na sote tumeyaona, na tumeyanyamazia kwa sababu kila upande unangoja zamu yake.

Kwa hiyo naomba mambo mawili tu, nayo hayahitaji sheria mpya wala fedha. Nawaomba wasimamizi wa shule za konvansione za mji huu, wa madhehebu yote, waongeze katika karatasi ya kuandikisha mtoto mstari mmoja ambamo mzazi ataandika kama anaomba somo la dini kwa mwanawe, na la dini gani, na kwamba asiyeandika kitu mwanawe asidhiliwe. Na nawaomba mawakili wa Baraza la Haut-Katanga wakubali kuisimamia bure kesi ya kwanza ya mzazi ambaye ombi lake, au kutoomba kwake, hakukuheshimiwa. Ibara ya 45 imekwisha kuandikwa. Mwaka wa masomo unaanza Septemba, na karatasi hizo bado hazijapigwa chapa.